Umeme wa Akiba Unataka Msimamizi

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, gridi ya Kenya ilianguka na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Majumbani watu walitafuta mishumaa na tochi za simu. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ilikuwa fedheha: abiria walikwama gizani na picha zao zikaenea duniani kabla stima hazijarudi. Uwanja huo ulikuwa na majenereta. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi na kueleza kwamba jenereta inayohudumia majengo ya 1A na 1E ilikataa kuwaka. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi.

Kila mwenye nyumba aliyefunga paneli juu ya bati na inveta ukutani ana la kujifunza hapo, kwa sababu kilichoupata uwanja mkubwa kama ule huzipata nyumba nyingi za Goba, Kitengela na Fuoni kwa kiwango chake. Vifaa vipo, fedha zilishatoka, fundi alishalipwa. Umeme unakatika saa 4 usiku, na saa 6 inveta inapiga kelele na kuzima. Asubuhi lawama zote zinamwangukia muuza betri, na mara nyingi betri haina kosa lolote. Hapakuwa na mtu aliyeamua mapema umeme ule ni wa kazi gani, ubakizwe kiasi gani na nani asiuguse. Wauzaji na mafundi wetu nao wameachiwa kuuza mitambo bila kumkabidhi mnunuzi ujuzi huo.

Wapo waliotarajia kwamba haja ya mitambo hii ingepungua. Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, baada ya miezi ya mgao uliowachosha watu. Hata hivyo, usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikazimika. Umeme uliojaa bwawani haumfikii mtu ambaye nguzo ya mtaani kwake imeangushwa na mvua, transfoma imeungua, au tawi la mwembe limelala juu ya nyaya.

Wanaoijua hali hiyo kwa undani zaidi ni Wazanzibari. Mei 2008, hitilafu kwenye njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba iliiacha Unguja gizani kwa takriban wiki 4. Tarehe 10 Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hiyo giza lilidumu hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na aliyekuwa na uwezo akanunua jenereta. Mchumi Alfredo Burlando, aliyechunguza giza la 2008, alikuta kwamba watu ambao kazi zao zilitegemea umeme walipoteza saa za kazi na kipato, na kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati ule walizaliwa na uzito pungufu. Mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa kuhudumia kisiwa hicho.

Giza la miezi 3 na giza la saa 3 hayatibiwi kwa dawa moja. La kwanza linahitaji paneli za kutosha kuendesha nyumba siku baada ya siku. La pili, ambalo ndilo la kila wiki katika miji mingi ya Afrika Mashariki, linawezwa na betri ya wastani, mradi ikute imejaa. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mwenye nyumba ni giza gani anajikinga nalo, na uamuzi huo unapaswa kufanyika kabla hajaingia dukani.

Dukani, kutoka Kariakoo hadi Luthuli Avenue, mazungumzo huanzia na kuishia kwenye kilowati. “Chukua ya 5, itabeba nyumba nzima.” Kilowati 5 ni kiasi ambacho inveta inaweza kutoa kwa mara moja, hazisemi chochote kuhusu itakitoa kwa muda gani. Muda hupimwa kwa uniti, zile zile zinazonunuliwa kwa mita ya luku. Kilowati ni upana wa bomba, uniti ni maji yaliyomo ndani ya simtanki. Mtu anaweza kuwa na bomba pana na tangi la ndoo mbili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ichukuliwe nyumba ya vyumba vitatu vya kulala jijini Dar es Salaam. Taa 8 za wati 9 zinakula wati 72. Televisheni wati 80, ruta ya intaneti 10, feni mbili 120. Friji la kawaida, kwa kuwa huwaka na kuzima, lina wastani wa wati 50. Inveta nayo inakula: mashine ya ukubwa huo huweza kutumia wati 50 kwa kuwa hai tu. Jumla ni kama wati 380. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.1 kwenye karatasi. Ukiondoa sehemu isiyopaswa kuguswa na upotevu wa ndani ya inveta, zinabaki kama 4. Nyumba hiyo itakaa na umeme kwa saa 10, na zaidi pale televisheni na taa zinapozimwa watu wakalala.

Sasa aingie mtu apige pasi. Pasi ya wati 1,200 ikiwaka kwa saa nzima imemeza umeme ambao ungeiwashia nyumba ile taa, feni na friji kwa zaidi ya saa 3. Birika la umeme la wati 2,000 linaonekana la kutisha zaidi, lakini likichemsha maji kwa dakika 5 limetumia uniti 0.17 tu, sawa na nusu saa ya nyumba. Shawa ya umeme ya kilowati 5 ni habari nyingine kabisa: pamoja na vifaa vingine inaizidi nguvu inveta ya kilowati 5, na nyumba inazima hapo hapo hata kama betri imejaa. Pampu ya maji ya nguvu farasi moja hutumia wati 750 au zaidi ikishatulia, lakini katika kuanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho, na ndiyo sababu inveta ndogo huzima kila pampu inapotaka kuwaka.

Fundi anayejua kazi yake hugawa nyumba mara mbili. Taa, friji, ruta, televisheni na soketi chache anaziunganisha kwenye upande wa akiba wa inveta, wenye swichi zake. Shawa, jiko, hita, pasi na kiyoyozi zinabaki upande wa gridi ya shirika la umeme, Tanesco, peke yake. Fundi mwenye haraka huingiza nyumba nzima kwenye inveta, kisha humwambia mama mwenye nyumba “msiwashe vitu vizito”. Agizo hilo halidumu wiki. Mgeni atafika, atawasha shawa, na giza litaingia.

Kuna wengine wanaopatwa na mshangao mkubwa zaidi. Wamefunga paneli bila betri ili kupunguza gharama za luku, na siku umeme unapokatika saa 7 mchana, jua likiwa utosini, nyumba haina hata taa. Mtambo haujaharibika. Inveta ya aina hiyo imetengenezwa izime mara gridi inapozima, ili isirudishe umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika, juu ya nguzo, anaamini ni salama kuzishika. Anayetaka umeme wakati wa kukatika lazima anunue inveta inayoweza kujitenga na gridi na kuendesha nyumba peke yake, yenye betri nyuma yake. Muuzaji asiyeeleza tofauti hiyo amemdhulumu mteja.

Hatari ile ile ipo kwa anayechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, mtindo ambao bado unaonekana mitaani. Umeme huo hutoka nje ya nyumba, hupanda kwenye transfoma kinyumenyume na kuwa wa volti za kuua. Swichi ya chenji ova, inayohakikisha kwamba nyumba iko upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ni kifaa cha bei ndogo mno kikilinganishwa na uhai wa fundi.

Uamuzi unaoharibu usiku wa watu wengi umo ndani ya menyu ya inveta, mahali ambapo wengi hawajawahi kufika. Mashine nyingi zinatoa mpangilio wa nani ahudumie nyumba kwanza. Mpangilio mmoja hutumia sola, kisha betri, halafu Tanesco mwishoni. Unapunguza luku, na wauzaji wanaupenda kwa sababu mteja anaona nafuu mwezi wa kwanza. Lakini maana yake ni kwamba jua likizama nyumba inaanza kula betri hata kama umeme wa gridi upo. Kufika saa 5 usiku betri iko chini, na umeme ukikatika saa 6 hakuna akiba. Mpangilio wa pili hutumia sola, kisha Tanesco, na kuiacha betri ingoje giza. Hauokoi fedha nyingi, ila unalinda usiku.

Ipo njia ya katikati, na ndiyo inayozifaa nyumba nyingi: kuweka kiwango ambacho betri haishuki chini yake maadamu gridi ipo. Kiangazi kiwango hicho kinaweza kuwa asilimia 30 au 40, kwa sababu kesho jua litajaza. Wakati wa masika, paneli za Dar es Salaam au Tanga huweza kushuka hadi theluthi ya mavuno yake ya siku nzuri, na hapo kubakiza asilimia 60 au 70 ni busara. Nairobi msimu wa kuangaliwa zaidi ni Juni hadi Agosti, anga linapofunikwa na mawingu ya baridi. Mpangilio uliofaa Januari haufai Aprili, na anayeufunga mara moja akausahau atakumbushwa na mvua.

Betri ikiachwa imalizike kabisa, hasara haiishii kwenye giza. Betri ya lithiamu hujifunga yenyewe ili isiharibike, na inveta nyingi haziwezi kuwaka bila betri. Asubuhi jua linachomoza, paneli zina umeme, lakini mashine haina pa kuanzia. Familia inakaa mchana kutwa ikimsubiri fundi chini ya jua ambalo lingeweza kuendesha nyumba. Asilimia 15 au 20 za mwisho ndizo zinazoiamsha nyumba kesho yake.

Wenye betri za zamani za risasi wana sheria kali zaidi. Betri nne za volti 12 na ampea-saa 200 zina uniti 9.6 kwenye karatasi, lakini betri za aina hiyo zikitumika mara kwa mara kupita nusu zinakufa mapema, kwa hiyo uniti halali hazifiki 5. Joto nalo linazimaliza. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa nusu, na chumba chenye bati jijini Dar es Salaam hufikia nyuzi 35 bila shida. Zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Mahali pake si chumba cha kulala wala kabati la chini ya ngazi. Panatakiwa pawe na kivuli na hewa inayopita, na zile zinazofunguliwa ziongezwe maji ya betri, si maji ya bomba. Ya lithiamu haitaki maji na haitoi gesi ikiwa nzima, lakini nayo joto la dari la bati linaifupishia maisha.

Juu ya paa, adui wa kila siku ni vumbi na kunguru. Kinyesi cha ndege kikifunika kona moja ya paneli, sehemu ile hupata moto na paneli nzima hupoteza nguvu kuliko ukubwa wa doa lenyewe. Kuziosha kwa maji matupu asubuhi na mapema, kabla hazijapata joto, kunatosha. Nyumba zilizo karibu na bahari zina kazi ya ziada ya kukagua viungio vya nyaya, kwa kuwa chumvi hula chuma. Kanda ya Ziwa, Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga sana, mtambo usio na erthi ya kweli na kinga ya radi ni fedha zilizowekwa rehani kwa wingu la kwanza.

Kisha umeme unarudi, na watu wanashangilia. Dakika hizo ndizo zenye hatari kubwa kwa vifaa, na inveta iliyopangwa vizuri inaweza kuzipunguza. Mashine nyingi zina namna mbili za kupokea umeme wa gridi: moja huukubali hata ukiwa volti 90, nyingine huukataa ukishuka chini ya volti 170 au hivi na kuendelea kutumia betri. Mitaa ya pembezoni, ambako umeme wa jioni huwa mdogo, namna ya kwanza huupitisha umeme huo dhaifu moja kwa moja hadi kwenye friji, na kompresa ya friji huungua ikijitahidi kuzunguka. Ni bonyezo moja tu kwenye menyu, na linaweza kuokoa friji la mamia ya maelfu ya shilingi.

Pia kuna suala la jirani. Inveta ya kilowati 5 inaweza kutumia umeme wa gridi kuijaza betri ya volti 48 kwa hadi ampea 60, sawa na karibu kilowati 3. Mtaa wenye nyumba 30 za aina hiyo chini ya transfoma ya kVA 100 utadai kama kilowati 90 kwa kuchaji tu, dakika ile ile ambayo mafriji na pampu zote zinawaka pamoja. Transfoma ikiungua, giza lililokuwa la saa 2 linageuka la siku kadhaa.

Afrika Kusini imeshaonja hali hiyo. Kwa makadirio ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, sola za juu ya mapaa zilipanda kutoka kama megawati 980 Machi 2022 hadi zaidi ya 4,400 Juni 2023, mwaka ambao mgao ulikuwa mkali kupita miaka yote. Wasambazaji wa umeme wa miji, pamoja na Eskom wenyewe, waliwasihi wateja mara kwa mara wazime vifaa kabla umeme haujarudi, kwa kuwa mzigo wa ghafla ulikuwa ukiunguza mitambo. Dar es Salaam na Nairobi hazijafika huko, na bado zina nafasi ya kuanza vizuri: ampea za kuchaji kutoka gridi zishushwe hadi 20 au chini yake, na nyumba yenye paneli iache jua lifanye kazi hiyo.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya wenye nacho. Kinyozi wa Mbagala hatakubali. Mashine yake ya kunyolea, taa na redio havizidi wati 60; betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumika nusu tu, inamfanyisha kazi saa 8 au 9. Muuza juisi anahitaji hesabu ya friji. Zahanati ya kijiji inahitaji hesabu ya jokofu la chanjo. Kadiri fedha zilivyo kidogo ndivyo kosa la mpangilio linavyouma, kwa kuwa mwenye kidogo akiua betri hana ya pili.

Betri iliyokufa nayo ina pa kwenda, na historia ya pwani inaonyesha nini hutokea pasipoangaliwa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi kiliwatia sumu wakazi wa mtaa mzima. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024. Kila anayemuuzia mteja betri ya risasi alazimike kuipokea ikifa na kuipeleka kwa mchakataji aliyesajiliwa.

Kenya ina kanuni za mitambo ya sola tangu 2012, zinazowapanga mafundi kwa madaraja ya T1, T2 na T3, na nchini Tanzania mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutoa leseni za mafundi umeme. Leseni humpima fundi katika kufunga waya. Inatakiwa impime pia katika kukabidhi kazi. EWURA na mwenzake wa Kenya, EPRA, ziweke sharti kwamba hakuna mtambo unaohesabika umekamilika hadi pabandikwe ukutani, kando ya inveta, karatasi moja ya Kiswahili inayotaja vifaa vilivyo upande wa akiba, saa ambazo betri itadumu, kiwango cha kubakiza kiangazi na masika, ampea za kuchaji kutoka gridi, jinsi ya kuzima mtambo moto ukitokea, na namba ya leseni ya aliyeufunga. Vitabu vya mwongozo vinavyokuja ndani ya boksi havisomwi na mtu, na mara nyingi havipo kwa lugha ya mwenye nyumba.

Kabla sharti hilo halijaandikwa, mteja anaweza kulidai mwenyewe. Makabidhiano yawe jioni, betri ikiwa imejaa. Saa 1 usiku swichi kuu ya Tanesco izimwe na familia iendelee na maisha yake: chakula kipikwe, televisheni iwake, watoto wafanye kazi za shule, mtu ajaribu kuwasha pampu. Asilimia ya betri iandikwe kila saa hadi saa 4. Fundi awepo muda wote huo, na sehemu ya mwisho ya malipo yake isubiri jaribio limalizike.